Ushanga Mwekundu wa Unyanyembe



Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilipofika Tabora, njia ziligawanyika: moja ya kwenda Ujiji, nyingine ya Karagwe na Buganda. Wapagazi Wanyamwezi walishusha pembe pwani, wakapandisha merikani, kaniki na ushanga.

Lakini si kila ushanga ulinunulika. Unyamwezini ulitakiwa ule mwekundu, samesame. Ule mweusi, uliopokewa Ugogo, hapa haukuwa na thamani. Ndiyo sababu Stanley, kabla ya safari yake ya mwaka 1871, aliwauliza kwanza wafanya biashara wa Unguja kila nchi hupenda nini. Asiyeuliza aliwalipa wapagazi ujira kamili kwa mzigo usio na mnunuzi.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, lakini kanuni hiyo haikuondoka pamoja na misafara. Asali yenye moshi na nta yenye takataka ndizo ushanga mweusi wetu: jasho la msimu mzima hurudi nyumbani bila bei. Basi viongozi na waulize soko kabla ya mavuno, mali ipangwe kwa madaraja, nasi tuiuze kwa pamoja. Kuuliza si ujinga.