Namba za Nguvu Farasi: Funzo kutoka Magari ya Misuli ya Marekani

Nilipokuwa mdogo nilishinda likizo zangu katika gereji ya mjomba, Kigali. Kijana akija kutaka gari lake liongezwe mbio, mjomba humwuliza: "Na kulisimamisha je?" Mmoja alicheka akaenda kwa fundi mwingine. Gari lake lilirudi kwetu likivutwa, na mwenyewe alikuwa hospitalini. Swali la mjomba nimekutana nalo tena katika historia ya Marekani. Katika insha hii nitaonyesha kwamba aliyechagua vifaa vya gari kwa kutazama nguvu farasi peke yake alitegemea chanzo kisichoaminika.

Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ilitoa GTO, gari la ukubwa wa wastani lililofungwa injini ya lita 6.4. Magari ya namna hiyo huitwa magari ya misuli. General Motors, iliyomiliki Pontiac, ilikuwa imewekea magari ya ukubwa huo kikomo cha injini. John DeLorean na wenzake walikikwepa kwa kuiuza GTO kama nyongeza ya hiari kwenye gari la Tempest. Injini ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 325, au 348 kwa aliyechagua kabureta tatu. Breki, hata hivyo, zilikuwa za ngoma, ambazo hulegea zikipata moto. Za diski, magurudumu ya mbele, zilikuja mwaka 1967, tena kwa malipo ya ziada.

Mwanahistoria lazima aulize: namba hizo zilipatikanaje? Injini ilipimwa ikiwa nje ya gari, bila chujio la hewa wala ekzosi ya kawaida. Kuanzia magari ya mwaka 1972, viwanda vilitangaza nguvu ya injini ikiwa na vifaa vyake vyote. Injini ya msingi ya Corvette, iliyoandikwa 270 mwaka 1971, ikaandikwa 200. Ni kweli kwamba sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ilichangia kupunguza nguvu za injini, lakini hapa sehemu kubwa ya anguko ilikuwa ya karatasi tu.

Kosa hilohilo lilimpata mwenye gari aliyenunua kamshafti ya mashindano. Kamshafti ndiyo hupanga valvu zifunguke lini na kwa muda gani. Ile ya mashindano huziacha wazi muda mrefu, hivyo injini hupata nguvu ikizunguka kasi sana. Mjini, kwenye mwendo mdogo, gari huwa zito na hutetemeka likisubiri taa. Isitoshe, mvuto wa hewa ndani ya injini hupungua, na mvuto huohuo ndio unaosaidia breki zenye kikuza nguvu. Dereva hukuta pedali imekuwa ngumu. Ameongeza mbio na kupunguza breki kwa kifaa kimoja.

Kwa hiyo, kwa gari la barabarani, mpangilio wa busara ni breki na tairi kwanza, kisha shokapu na upozaji, na injini mwisho. Namba iliyoandikwa kwenye tangazo ilijibu swali la muuzaji. Swali la mjomba halikuwamo.