Kadi ya “Tazama”: Historia Fupi ya Hifadhidata, Faharasa na Lugha za Mpakani katika Kasese na Bwera

Mnamo tarehe 11 Juni 2019 ilithibitishwa nchini Uganda kwamba mtoto wa miaka mitano, aliyevuka na familia yake kutoka Kongo, alikuwa na Ebola. Alikuwa amefikishwa kwanza katika Hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa Bwera. Katika siku kama hizo mkazi wa Mpondwe huuliza dalili ni zipi na mpaka utafungwa lini, na mwenye simu huuliza hayo kwa injini ya utafutaji. Makala hii inashikilia kwamba jibu analolipata halitegemei tu iwapo kuna mtu aliyeandika. Linategemea pia historia ya namna mashine zilivyojifunza kusoma tovuti, na namna wenye tovuti walivyojishughulisha, au kutojishughulisha, kusomwa nazo.

Faharasa za mwanzo, kama ile ya AltaVista ya mwaka 1995, zilijengwa na roboti zilizofuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Wakati huo ukurasa ulikuwa faili iliyokaa mahali pake, mithili ya kitabu rafuni. Mambo yalibadilika taasisi zilipohamishia maandishi yao katika hifadhidata. Ukurasa sasa huzaliwa pale tu unapoombwa, na kwa muda mrefu anwani yake ilikuwa mlolongo wa alama za kuuliza, namba na vitambulisho vya ziara. Roboti ziliogopa anwani hizo, na zilikuwa na sababu: ukurasa mmoja ungeweza kujitokeza kwa sura elfu, na seva dogo ingelemewa. Aidha, roboti haikujua kujaza fomu. Yote yaliyokuwa nyuma ya kisanduku cha “tafuta” yalibaki gizani, na mwaka 2001 Michael Bergman aliandika kuhusu sehemu hiyo ya wavuti iliyozama, akidai kuwa ni kubwa kuliko ile inayoonekana.

Ufumbuzi ulikuja kwa vipande. Juni 2005 Google ilianzisha ramani ya tovuti, yaani orodha ya anwani ambayo mwenye tovuti huikabidhi kwa roboti. Novemba 2006 Yahoo na Microsoft zikaukubali utaratibu huohuo. Februari 2009 ikaongezwa alama ya kutaja anwani rasmi pale ukurasa mmoja unapokuwa na anwani nyingi. Chombo kilichofaa zaidi kwa tovuti inayojengwa upya kilikuwapo kabla ya hivyo vyote: jibu la seva lenye namba 301, linalosema kwamba kilichokuwa hapa kimehamia pale, moja kwa moja.

Mwanahistoria wa Kasese hahitaji kufundishwa maana ya namba hiyo. Wilaya yenyewe iliundwa mwaka 1974 kwa jina la Rwenzori, ikaitwa Kasese mwaka 1980. Hifadhi ya wanyama iliyo jirani ilianza mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, ikapewa jina la Malkia Elizabeth, ikaitwa Ruwenzori katika enzi za Idi Amin, kisha ikarudishiwa jina la malkia. Mtafiti asiyeyajua mabadiliko hayo atapekua nyaraka za miaka ya sabini na kudhani wilaya haikuwapo. Mkutubi wa zamani aliliponya tatizo hili kwa kadi ndogo iliyoandikwa “tazama”. Namba 301 ni kadi hiyo.

Niliuona upungufu wa kadi hiyo nilipoombwa na taasisi moja ya eneo hili, ambayo sitaitaja, nisaidie kujua kwa nini orodha yake ya maneno ya Lhukonzo na Kiswahili ilikuwa imetoweka katika matokeo ya utafutaji. Tovuti mpya ilipendeza kweli. Lakini anwani zote za zamani zilikuwa zimekufa bila kuelekezwa kokote, maneno yalifikiwa kwa kisanduku cha kutafutia tu, na lile faili la kuzizuia roboti, lililowekwa wakati wa ujenzi, lilikuwa bado mahali pake. Mjenzi alikwisha kulipwa na kuondoka. Tulifuta zuio, tukalipa kila neno anwani ya kudumu, tukaunda kurasa za kuvinjari kwa herufi, tukafunga anwani za kale kwa mpya moja baada ya nyingine. Kurasa zilirejea polepole, wala si zote.

Katika mpaka huu kuna ugumu zaidi, nao ni wa kiisimu. Lugha ileile huandikwa Lukonzo, Lhukonzo, Olukonzo, hata Rukonjo katika vitabu vya zamani. Ng'ambo ya mto Lhubiriha lugha ndugu yake huitwa Kinande. Viwango vya kimataifa vimezipa misimbo miwili, koo na nnb. Kiswahili nacho kimegawanywa kuwa swh na swc, hiki cha pili kikiwa cha Kongo. Mfanyabiashara wa Kasindi anayeuza Mpondwe haoni mstari huo, na anayebuni tovuti ya afya kwa ajili yake asiuone kama ukuta. Google imeeleza kwamba hutambua lugha kwa kuyasoma maandishi yenyewe ya ukurasa. Hivyo ukurasa wenye menyu nzima ya Kiingereza na aya mbili za Kiswahili una hatari ya kuhesabiwa kuwa wa Kiingereza, na bango la tahadhari lililopigwa picha ni vigumu kusomwa kama lugha yoyote.

Kuna wanaosema kwamba redio na WhatsApp zinatosha. Kwa tangazo la leo huenda zikatosha. Redio ina nguvu kubwa Kasese. Lakini mwalimu wa Bwera anayetafuta mwaka ujao kilichosemwa mwaka huu hatakipata humo. Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, mwalimu huyo ana haja zaidi ya kutafuta. Mikataba ya kujenga upya tovuti za umma ingepaswa kudai jedwali la anwani za kale na mpya kabla ya malipo ya mwisho. Ni kazi ya siku chache kwa mtu aliye bado na hifadhidata ya zamani mkononi. Ikishafutwa, ni vigumu jedwali hilo kuandikwa tena kikamilifu.