Bima ya maisha ikikataliwa: njia zinazobaki

Mtu akifa mtaani kwetu, ndugu, jirani na waamini huchanga kwa ajili ya jeneza, gari na chakula cha matanga. Matanga yakiisha, mjane na watoto hubaki na kodi ya nyumba na malipo ya shule. Ndiyo sababu wengine hutafuta bima ya maisha, ile tunayoizoea kuiita asiransi. Na baadhi yao hujibiwa: hapana.

Jibu hilo halipimi thamani ya mtu. Kampuni huangalia umri, ugonjwa na kazi: kisukari, shinikizo la damu, kuchimba madini. Mara nyingine tatizo ni karatasi tu, kama fomu isiyojazwa yote au kipimo cha zamani.

Tuanze kwa kuomba sababu kwa maandishi. Je, wamekataa kabisa, au wameahirisha? Anayeahirishwa anaweza kutunza matibabu yake, kuweka matokeo ya vipimo, na kurudi baada ya miezi kadhaa na barua ya daktari. Kampuni nyingine hukubali kwa malipo ya juu zaidi, au bila kulipia kifo kinachotokana na ugonjwa fulani. Tusome sharti hilo vizuri kabla ya kutia sahihi.

Pili, tubishe mlango mwingine. Zamani nchini Kongo SONAS, shirika la serikali, ndilo peke yake lililouza bima. Sheria nambari 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko, na kila kampuni ina vigezo vyake. Ruhusa ya kazi hiyo hutolewa na ARCA, mamlaka inayosimamia bima. Kabla ya kulipa hata dola moja, tuhakikishe kampuni inayo ruhusa hiyo. Malalamiko pia yanaweza kupelekwa huko.

Tatu, kuna bima ya kikundi. Mwajiri, ushirika au chama huandikisha watu wake wote pamoja, na mara nyingi maswali juu ya afya huwa machache. Bima ndogo ya mazishi nayo huwa rahisi kupata, lakini huwa na muda wa kungoja: mtu akifa kwa ugonjwa kabla ya muda huo kwisha, familia inaweza kukosa fedha.

Ikiwa bima ilidaiwa na benki kwa ajili ya mkopo, tuulize kama nyumba, kiwanja au mdhamini vinaweza kukubaliwa mahali pake.

Jambo moja tusilifanye: kuficha ugonjwa. Uongo ukigunduliwa baada ya kifo, mkataba unaweza kufutwa, na watoto ndio watakaoumia.

Milango yote ikifungwa, tuweke akiba kidogo kidogo kwa jina linalojulikana, na hati za kiwanja ziwe sawa. Na yeyote aliye na mkataba au akiba amwonyeshe mwenzake zilipo karatasi. Fedha isiyojulikana na familia haimsaidii mjane.