Wote tumekuwa wapangaji: nyumba na kodi ku Masisi na Walikale



Kuna shida moja yenye inarudi kila mara kwenye chama chetu. Mwenye parseli amerudi, anakuta familia nyingine ndani ya nyumba. Familia nayo inasema ililipa kodi kwa mtu fulani. Wengi wanafikiri ugomvi huu umeletwa na vita ya juzi tu. Hapana, una historia yake, na ni vizuri tuijue mbele ya kushitakiana.

Zamani, vijijini mwetu, nyumba haikuwa kitu cha kupangisha. Mtu aliomba udongo kwa mwami ao kwa shefu wa kijiji, akajenga. Mwezi wa tatu 1993, vita ilianza ku soko la Ntoto, Walikale, kisha ikashika Masisi. Watu waliacha milima, wakafuata barabara. Kitchanga ilipanuka hivyo, mkimbizi anajenga kando ya mkimbizi. Mwenye alifika wa kwanza alipata parseli. Mwenye alifika nyuma aliomba chumba. Kwa wengi wetu, kodi ilianzia pale.

Ku Walikale, kodi ilikuja na madini. Toka mwanzo wa miaka ya 2000, kasiterite ya Bisie ilivuta watu wa kila upande mpaka Mubi na Njingala, na chumba cha mbao kikawa biashara. Lakini mwezi wa tisa 2010, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji ndani ya Kivu zote mbili na Maniema, mpaka mwezi wa tatu 2011. Mchimbaji akikosa kazi, mwenye nyumba naye anakosa kodi. Njaa yao ni moja.

Na Sake, kilometa kama 27 toka Goma? Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka. Siku tano nyuma, serikali ikaomba watu watoke Goma, na maelfu wakaja Sake. Walilala ndani ya makanisa na masomo, wengine ndani ya nyumba zetu. Mwezi wa pili 2024 ikawa zamu yetu. Mabomu yalifika Sake, tukakimbilia Goma, kwenye kambi kama Mugunga na Bulengo. Mwenye alikuwa na franga kidogo alipanga chumba. Mutu mwenye nyumba ya vyumba vine akawa mpangaji wa chumba kimoja.

Mwezi wa pili 2025 kambi zilibomolewa, tukarudi haraka haraka, wengi na shitingi tu kichwani. Kuna wenye walikuta manjanja yameondolewa. Kuna wenye walikuta nyumba ina watu, na watu hao pia walikimbia vijiji vya juu, kwenye bado hawawezi kurudi.

Njo maana, mbele ya kwenda kwa shefu wa kartie, tunauliza kwanza: nani alipokea kodi, ya miezi mingapi, na mbele ya nani? Majibu yaandikwe, kila upande ubaki na karatasi yake. Tukumbushane pia sheria ya tarehe 31 Desemba 2015: garanti ya nyumba ya kukaa isipite kodi ya miezi mitatu. Kule ukimbizini, kuna wenzetu walidaiwa ya miezi sita. Tusiwafanyie hivyo wenye wanapanga kwetu leo.

Kwa marafiki wafadhili: manjanja na misumari vinahitajika, asanteni. Lakini mtusaidie pia kodi. Familia yenye inaacha nyumba ya mwingine ikipata kodi ya miezi mitatu ya kuanzia pengine, mwenye parseli ataingia kwake kwa amani, na watoto wa hiyo familia hawatalala inje. Hiyo franga ni ndogo kuliko kesi moja, na ni ndogo sana kuliko uadui wa majirani wawili wenye walikimbia vita moja.