Kiwanda kikikufa, nyumba inabaki ya nani?

Wandugu na dada zetu wa lisansi, tukisikia kiwanda kimefungwa tunasema: basi, imeisha. Tuangalie kwanza historia ya Utexleo ya Kinshasa.

Tangu 1917 serikali ya Wabelgiji ililazimisha walimaji kulima pamba. Texaf, kampuni ya nguo, ilizaliwa 1925, na pale Ngaliema, karibu na mto Kongo, kiwanda chake Utexleo kilikuwa kinageuza pamba kuwa vitenge. Baadaye jina likawa Utexafrica. Kisha pamba ikapunguka mashambani, vitenge vya bei ya chini vikaingia toka Azia, na uporaji wa 1991 na 1993 ukaumiza viwanda vingi vya Kinshasa. Mwaka 2007 mashini zikazimwa. Wafanyakazi wakarudi nyumbani.

Lakini uwanja ulibaki na mwenyewe. Texaf ikashika kazi ya kupangisha nyumba. Sehemu moja ya kiwanda njo leo Texaf Bilembo, mahali pa maonyesho ya sanaa na mafunzo ya watoto. Ku uwanja ule ule kuko Silikin Village: vijana wa kompyuta na biashara ndogo wanatumia pamoja ofisi, intaneti na vyumba vya mafunzo.

Nairobi walipitia njia ingine. Mwaka 2003 watu wa sanaa wenyewe walichukua ghala la zamani ku Dunga Road, katikati ya viwanda, wakaliita GoDown. Wachoraji, wacheza ngoma na wanamuziki wakagawana paa moja. Ketebul Music ilikuwa na studio yake mule. Kinshasa mwenye nyumba njo aliita watu. Nairobi watu njo walijipanga, wakatafuta nyumba.

Na sisi wa Vulamba? Walimaji wa Beni wanakumbuka trakeomikozi, ule ugonjwa uliokausha mikahawa ya robusta. Kahawa ikikosa, mashini ya kukoboa inakosa kazi, na depo inabaki tupu. Tangu 2014 mauaji upande wa Beni yamekimbiza walimaji wengi, na wengi wamekuja Butembo. Mikono iko, mashamba hayafikiki.

Fundi mbao, mama wa kushona, mchoraji wa mabango na agronome mwenye kukaanga kahawa, kila mmoja peke yake analipa nyumba, mlinzi na mafuta ya grupu. Wakiwa wane ndani ya depo moja, gharama inagawanyika, na mteja wa mmoja anaona kazi ya wengine. Likelemba tunaijua tangu zamani: ni akili ile ile, tunaitia ku nyumba.

Ila kuko mambo mawili. Vumbi la mbao na chakula havikai chumba kimoja. Ukuta ujengwe mbele ya kuanza. Tena, mahali pakipendeza bei inapanda. Mkichanga rangi, dirisha na nyaya bila mukataba wa miaka mingi, mutakuwa mumetengenezea mpangaji mwingine. Mukataba uandikwe kwa jina la kikundi, usainiwe mbele ya kununua hata msumari mmoja.

Mtaani kwenu kuko depo gani tupu, na mwenyewe ni nani? Tuanzie kwa ile swali.