Chuo Kikuu cha Kookmin Chatimiza Miaka 80

Tarehe 1 Septemba 2026 Chuo Kikuu cha Kookmin, Seoul, kinatimiza miaka 80. Sisi tuliopita katika madarasa yake hatuwezi kuitaja siku hiyo kabla ya kumtaja mzee wetu, Shin Ik-hee.

Mzaliwa huyo wa Gwangju, mkoani Gyeonggi, alisomea Waseda, Japani. Mwaka 1919, Wakorea walipoinuka kuudai uhuru wao kutoka kwa Japani, alivuka kwenda Shanghai akawa miongoni mwa waasisi wa Serikali ya Muda na waandishi wa katiba yake. Alirejea Desemba 1945, baada ya miaka 26 ya uhamishoni. Nchini palikuwa na chuo kikuu kimoja tu, tena kilichojengwa na mkoloni. Uhuru umepatikana, lakini nani ataandika sheria, nani atakaa mahakamani?

Shin hakusubiri majengo. Akiungwa mkono na wenzake wa uhamishoni, akiwemo Kim Gu, alifungua chuo katika vyumba vya kuazima vya shule ya biashara mtaani Naesu-dong, naye akawa mkuu wake wa kwanza. Masomo yalikuwa ya usiku: mchana vijana wako kazini wakitafuta riziki, jioni wanaingia darasani na uchovu wao, na wanasoma kwelikweli. Heshima ya chuo chetu ilianzia kwa vijana wale.

Mwaka 1948 mzee alichaguliwa Spika wa Bunge. Vita vya Korea vikazuka, chuo kikahamia kusini. Ilikuwa miaka ya misukosuko. Mwaka 1956 Shin aligombea urais kwa Chama cha Demokrasia. Mapema Mei umati mkubwa ajabu ulifurika kwenye mchanga wa Mto Han kumsikiliza. Siku chache baadaye, tarehe 5, alifariki ndani ya treni akielekea kusini kwenye kampeni. Kura zilipopigwa siku kumi baadaye, zaidi ya milioni 1.8 ziliharibika, nyingi, inaaminika, zilikuwa zake marehemu.

Mwaka 1959 Kim Seong-gon wa kampuni ya Ssangyong alikipokea chuo na kukiimarisha, tunamshukuru. Mwaka 1971 tulihamia Jeongneung, chini ya mlima Bukhansan. Mwaka 1981 tulipata hadhi ya chuo kikuu kamili. Zikafuata sifa za usanifu na uhandisi wa magari.