Historia ya vinu vya posho mitaani Eastlands

KATIKA mitaa ya Eastlands, mashariki mwa jiji la Nairobi, kinu cha posho husikika kabla ya kuonekana. Mngurumo wake humwongoza mteja hadi kwenye chumba kidogo chenye kuta zilizotapakaa vumbi jeupe, ambako wakazi wa Dandora, Kariobangi, Kayole na Umoja hupeleka mahindi yao kusagwa.

Neno posho lenyewe lina historia. Maana yake ya asili ni mgao wa chakula. Enzi za ukoloni, vibarua wa mashambani, wa reli na wa mijini walipewa unga wa mahindi kama sehemu ya ujira wao, mara nyingi takriban ratili mbili kwa siku. Hatimaye unga wenyewe ukaitwa posho, na nchini Uganda jina hilo likahamia kwenye ugali.

Mitaa ya kale ya Eastlands ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi hao. Pumwani ilianzishwa mapema katika miaka ya 1920, na Kaloleni ikajengwa katika miaka ya 1940. Wakati huo, usagaji mkubwa ulikuwa mikononi mwa kampuni kama Unga Limited, iliyoanzishwa mwaka wa 1908 na mlowezi Lord Delamere.

Msagaji mdogo wa mjini alikabiliwa na kikwazo kimoja kikuu: nafaka. Kuanzia mwaka wa 1942, serikali ilisimamia ununuzi na uuzaji wa mahindi, na udhibiti huo uliendelea baada ya uhuru. Kusafirisha mahindi mengi kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali. Kwa hivyo, mahindi ya serikali yaliishia zaidi kwa kampuni kubwa za kusaga, nao wakazi wa jijini wakazoea unga mweupe wa pakiti.

Hali ilibadilika mwishoni mwa mwaka wa 1993, serikali ilipoondoa udhibiti wa usafirishaji wa mahindi na wa bei ya unga. Malori yaliingiza nafaka jijini bila kibali, nao wachuuzi wakaiuza kwa gorogoro, yaani mkebe unaobeba takriban kilo mbili. Ruzuku ya unga wa pakiti ilipoondolewa, familia za kipato cha chini zilitambua kuwa kununua mahindi na kulipia usagaji kulikuwa nafuu zaidi. Vinu vikaongezeka mitaani.

Vinu vya upepo vya Uholanzi vilisaga nafaka kati ya mawe mawili, lakini kinu cha Eastlands hutumia nyundo ndogo za chuma zinazozungushwa kwa kasi na mota ya umeme. Punje hupondwa hadi ziwe laini kiasi cha kupenya kwenye chujio, kisha unga hushuka mfukoni. Anayetaka unga mweupe hulipia pia kukobolewa, ambapo ganda na kiini huondolewa. Pumba zinazobaki huuzwa kwa wafugaji.

Kazi ya msagaji huhitaji ujuzi. Sharti atambue kwa mguso iwapo mahindi yamekauka, abadilishe chujio kulingana na matakwa ya mteja na ajihadhari na mkanda wa mota, ambao unaweza kunasa nguo. Vumbi la unga humwathiri mapafu, nayo kelele humdhuru masikio. Umeme ukikatika, mapato ya siku hiyo hukatika pia.

Unga wa mahindi yasiyokobolewa huhifadhi nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya virutubishi, ingawa mafuta yaliyo kwenye kiini huufanya uharibike mapema. Kwa upande mwingine, tangu mwaka wa 2012 sheria inawataka watengenezaji wa unga wa pakiti kuongeza vitamini na madini, yakiwemo chuma na zinki. Mahindi ambayo mteja hujipelekea kinuni kwa kawaida hayaongezwi chochote.

Hatari kubwa zaidi ni sumukuvu aina ya aflatoksini, inayotokana na ukungu katika nafaka iliyohifadhiwa na unyevu. Mwaka wa 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafariki mashariki mwa Kenya baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kupika ugali hakuiondoi, na mahindi yakishasagwa jicho haliwezi kutambua punje mbovu. Ndiyo maana ni muhimu kuyachambua nyumbani na kutupa punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu kabla ya kuyafikisha kwa msagaji.

Kila bei ya unga inapopanda, thamani ya vinu hivi hudhihirika. Mwaka wa 2017 serikali ilitoa ruzuku ili pakiti ya kilo mbili iuzwe kwa Sh90, na mwaka wa 2022 ikafanya hivyo tena kwa bei ya Sh100. Mahindi nayo hupanda bei nyakati kama hizo, hivyo kinu hakimwepushi mkazi na makali ya njaa. Hata hivyo, humpa uwezo ambao kibarua wa enzi za posho hakuwa nao: kuchagua nafaka yake mwenyewe, na kusaga kiasi anachomudu, hata kama ni gorogoro moja tu.